Alikuwepo na Tai Yake

Uvumilivu wangu uliisha ndani ya treni, nimesimama na barakoa usoni na mfuko wa viazi mkononi, kwa sababu ya neno moja nililolisoma kwenye simu: hakuhudhuria. Nilipiga kelele. Sikuguna, sikunong'ona, nilipiga kelele, "Alikuwepo! Alikuwepo, waongo nyie!" na behewa zima, watu waliokuwa wameketi mmoja mmoja kwa kuogopana, wakageuka kuniangalia kwa yale macho ya siku za korona, maana uso wote umefunikwa yamebaki macho tu, na mama mmoja akachukua kikapu chake akahamia mbali (sijui alidhani nina wazimu au nina virusi). Nilishuka kituo cha Auburn. Na aibu ya treni ni ndogo, jameni. Aibu yenyewe ni ile iliyotangulia, ambayo nusu ya wanawake wetu hapa Sydney wanaijua kwa sababu walikuwemo, na nusu nyingine wamesimuliwa vibaya, kwa hiyo acha niisimulie mimi mwenye kosa, kabla hasira haijapoa.

Mimi nahudumia wazee majumbani. Nilimaliza fomu foo Nakuru, sikuendelea, nikaolewa, nikaja huku, nikamzaa Neema, nikapata kazi hii. Mteja wangu wa asubuhi alikuwa Mzee Arthur, Mwingereza aliyepita miaka themanini, ambaye alikuja kumtembelea binti yake Margaret kwa wiki sita, mipaka ikafungwa, wiki sita zikawa mwaka. Katikati ya mwaka huo akateleza bafuni akavunja nyonga, ndipo nikaingia mimi: kumwamsha, kumwogesha, kumpa dawa na kile wanachokiita uji (mimi siuiti uji).

Sasa, huyu mzee alikuwa diwani. Si diwani mstaafu, diwani wa sasa hivi, wa kijiji kimoja cha pwani huko Uingereza chenye kanisa moja, baa mbili na ukuta wa kuzuia bahari isiingie jikoni kwa watu. Kijiji kidogo hivyo kina halmashauri yake, madiwani saba na karani, na kazi yao ni makaburi, mabenchi, taa na njia za miguu. Siku ya kwanza nilimcheka. "Mzee, diwani mzima unapigania benchi?" Akanijibu bila kuudhika, "Grace, siku ukizeeka utajua benchi ni nini."

Basi kila asubuhi nikimpaka dawa ya nyonga ananipa historia ya kijiji, nitake nisitake. Kwamba zamani mambo yote yaliamuliwa na watu wawili, mwenye mashamba na kasisi, nyuma ya kanisa, wakimaliza wanafungua mvinyo. Kwamba ilipokuja sheria ya watu kuchagua halmashauri, babu yake Arthur alikuwa mvuvi wa kwanza kuchaguliwa, akaingia kikaoni na mabuti yake ya samaki, mwenye mashamba akainuka akafungua dirisha, na babu akamwambia, "Fungua na lile lingine, maana nitakuwa hapa miaka mingi." Na kwamba jambo la kwanza ambalo babu alilisimamia ni njia ya miguu ya kutoka kanisani kushuka ufukweni, ambamo wavuvi waliburuta mashua zao na kuwabeba wenzao waliozama, iandikwe kitabuni kuwa ni ya watu wote. Ikaandikwa, kwa mkono, na kitabu kipo.

Shida ni kwamba nyumba za wavuvi siku hizi zimenunuliwa na watu wa mjini wanaokuja wikendi, na mmoja wao, ambaye njia inapita chini ya dirisha lake, alitaka ifungwe, watu wazunguke barabara ya magari. Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa upande wake. Madiwani watatu huku, watatu kule, wa saba ni Mzee Arthur, amekwama Sydney na nyonga ya chuma. Na wana sheria yao moja ya ajabu: diwani asipohudhuria kikao hata kimoja kwa miezi sita mfululizo, kiti kinamtoka chenyewe, hakuna kura, hakuna barua ya kwaheri. Korona ilipokuja waliruhusiwa kukutana kwa video, ndiyo ikamwokoa Mzee mwanzoni, lakini hospitali na mazoezi ya kutembea vilikuwa vimekula miezi mitano na siku kadhaa. Kikao cha mwezi ule kilikuwa cha mwisho. Akikosa, kiti alichokalia babu yake kimekwenda, na njia inakifuata.

Kwa hiyo mlielewe hilo kabla hamjanicheka. Kazi yangu asubuhi ile ilikuwa moja: Mzee aonekane kikaoni.

Saa moja jioni kwao ni saa kumi na mbili asubuhi kwetu. Nilifika mapema, Margaret ameshaenda shifti yake hospitalini, nikamnyoa Mzee, nikamvalisha shati jeupe na tai ya buluu yenye nanga ndogo ndogo (tai niliifunga mimi, mara tatu, kwa sababu alisema ya kwanza ni ya mwizi na ya pili ni ya mhudumu wa hoteli). Margaret alikuwa ameacha kompyuta mezani na karatasi ya maagizo: bonyeza hapa, halafu hapa. Nikabonyeza hapa. Kompyuta ikasema inajisasisha, tusiizime, asilimia tatu. Tukangoja. Asilimia nne. Mzee akaitazama vile mtu anavyomtazama daktari aliyenyamaza.

Nikasema, "Usijali Mzee, tutatumia simu yangu."

Hiyo ndiyo sentensi iliyoniponza. Mafunzo ya kampuni yanasema usitumie simu yako kwa mambo ya mteja, nimeweka na sahihi, nami nikaona, ah, ni dakika chache tu. Nikampigia Margaret, akanitumia linki ya kikao, nikainakili, nikaingia, nikaandika jina "Diwani Arthur" ili karani ajue wa kumfungulia, simu nikaiegemeza kwenye chupa ya jamu. Safi kabisa. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Ningekaa chini hapo hapo nikunje mikono, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini mimi pia nilikuwa Mama Linki. Kanisa lilipofungwa, sisi wanawake, Wakenya, Warundi, Watanzania wawili na Mkongo mmoja, tulianzisha maombi ya alfajiri kwa video, saa kumi na mbili kamili kabla watu hawajatawanyika kazini, na linki hubadilika kila siku, na wa kuituma ni mimi. Kiongozi wetu wa maombi ni Mama Kevo, na katibu ni Sista Dafroza, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, na huyo hana mchezo: ikigonga saa kumi na mbili anapiga picha kioo cha simu, anahesabu vichwa, na ambaye hayumo anapangiwa kuosha masufuria siku tutakayorudi kanisani (kuna mtu alikuwa ameshapangiwa hadi Krismasi). Kwa hiyo simu ikaanza kutetemeka pale kwenye jamu. "Mama Neema, linki?" "Mama Linki amelala!" "Weye Mama Neema, saa inaenda, masufuria inakungoja."

Mkono mmoja namwekea Mzee kifaa cha sikioni, mkono mwingine nikabandika linki kwenye grupu, nikaongeza "Karibuni wapendwa", nikatuma. Sikuangalia. Niliyobandika ni ile niliyonakili mwisho.

Kikao kikaanza. Karani, mama mwenye miwani na sauti ya mwalimu wa chekechea, akaita majina. Alipofika kwa wetu: "Diwani Arthur?" Mzee akanyoosha mgongo, akajibu, "Nipo, Madam Karani. Niko Australia, lakini nipo." Wakacheka wote, mama mmoja mzee aliyekuwa akifuma sweta akapangusa macho, akasema, "Karibu tena Arthur, tulikumiss." Nami nikajisikia mtu mkubwa, kama nimemzaa mimi.

Karani akaendelea, "Naona leo tuna wananchi wengi! Vizuri sana. Kwa kawaida tunapata mmoja na mbwa wake."

Nikainama kutazama vile vidirisha. Mama Kevo. Tableti ya Junior (mama yake huombea humo). Sista Dafroza. Mama Kevo tena (ana simu mbili). Nilikuwa nimewatumia linki ya kikao.

Mwenyekiti, mwanamume mwenye kola ngumu na rafu ya vikombe vya gofu nyuma yake, alikuwa ndiyo amefungua mdomo kusoma ajenda, ndipo ikatoka sauti ya Mama Kevo, ambayo hata bila mtandao ingefika Uingereza:

"Bwana asifiwe!"

"Amina!" Wanawake kumi na wanane.

"Bwana asifiwe tena! Leo naona tuna wageni, wazungu wapendwa, karibuni sana, jisikieni nyumbani. Tusimame na wimbo."

Wakasimama na wimbo, kila mmoja na mtandao wake, huyu yuko ubeti wa kwanza, yule wa pili, mwingine ana mtoto anayelia. Nikainyakua simu. "Mama Kevo, nyamaza! Tokeni, si hapa!"

"Nani huyo Diwani Arthur anatufukuza kwenye maombi?"

"Ni mimi, Mama Neema!"

"Na mbona umejiita diwani? Linki tu tumekupa, tayari umegombea?"

Huku mwenyekiti anaona dirisha lililoandikwa Diwani Arthur, ndani yake ni feni ya dari, kisha tundu la pua yangu, na sauti ya mwanamke inafoka kwa lugha asiyoijua. "Diwani Arthur," akasema, "nani yuko na wewe? Umetekwa?" Na Mzee pembeni, shahidi wangu Mungu, akaniuliza taratibu, "Grace, ni wimbo gani huo? Ni mzuri."

Hapo nikafanya kosa la pili. Nilipaswa kuwaambia "nimekosea linki" basi, waende zao. Badala yake nikaeleza, kwa Kiswahili, kwa haraka, "Jamani hii ni halmashauri ya kijiji! Wanataka kufunga njia ya watu ya kwenda baharini, huyu mzee wangu ndiye anaitetea, tokeni mtamharibia!" Usiwaambie wanawake waliofukuzwa kwenye ardhi, wengine mara mbili, kwamba kuna mtu anafunga njia, halafu utegemee watatoka. Hakuna aliyetoka. Wimbo ulikufa wenyewe, wakavuta viti karibu.

Karani akasema, "Mwenyekiti, kikao ni cha wazi. Hawa ni wananchi, na dakika za wananchi ndizo zinazofuata. Kuna aliyeinua mkono."

Alikuwa Sista Dafroza. Alizungumza Kiingereza chake cha kufanyia usafi maofisini, neno moja moja, bila kuogopa. Akasema kambini walikuwa na njia ya kwenda mtoni. Siku moja ikawekwa waya, wakaambiwa ni kwa usalama wao. Wakazunguka saa nzima na ndoo kichwani. Mwaka wa kwanza watu walilalamika. Mwaka wa pili walizoea. Mwaka wa tatu watoto waliozaliwa pale hawakujua kama kulikuwa na njia. "Ni hivyo tu," akasema. "Merci. Nimemaliza."

Yule mama wa sweta akaacha sindano, akasema, "Ni kweli kabisa." Mzee Arthur akanishika mkono, akaubana, na kwa nusu dakika, naapa, niliona kosa langu limegeuka baraka.

"Tunashukuru," akasema mwenyekiti, "lakini huyu si mkazi."

Na Mama Kevo, ambaye hakuombwa na mtu, akaona huo ndio wakati. "Tuombe!" Akaomba kwa Kiingereza ili wageni wasiachwe nyuma. "Baba, mtazame huyu mwenyekiti, huyu mwenye vikombe, ifunge roho ya unyakuzi wa ardhi iliyomkamata, itoke! Itoke! ITOKE!" Na kumi na wanane nyuma yake: "Itoke!"

Jamaa akawa mwekundu kama nyanya ya kopo. "Waondoeni hawa wote."

"Mwenyekiti," karani akasema, "siwezi kuwaondoa wote bila..."

"Basi nitawaondoa mimi."

Vidirisha vikaanza kuzimika kimoja baada ya kingine. Mama Kevo wa kwanza, Mama Kevo wa pili, Tableti ya Junior, Dafroza. Mzee alikuwa ameinua kidole, anasema, "Mwenyekiti, kuhusu ile njia, kitabu cha..." na kidirisha chetu nacho kikazimika. Umeondolewa kwenye mkutano.

Nilijaribu kurudi mara nane. Nilimpigia karani, simu ikaita mpaka ikachoka. Mzee hakusonga, mgongo umenyooka, tai mahali pake, anaitazama ile chupa ya jamu. "Watagundua," alisema. "Ngoja kidogo, watagundua." Tukangoja hadi ule uji ukashika ngozi juu. Ndipo kompyuta ya Margaret, kule mezani, ikatoa mlio wa furaha: asilimia mia moja, karibu tena.

Yaliyofuata nilistahili. Margaret alilia kwenye simu, kampuni ikaniandikia onyo la faragha ya mteja, nikalisaini bila kubishana maana kosa lilikuwa langu. Mama Kevo akaanza kuniita Mheshimiwa mbele za watu. Nilipomwomba Mzee msamaha alicheka mpaka akashika nyonga. "Grace, tangu babu yangu aingie na mabuti, kijiji kile hakijawahi kuona wananchi kumi na tisa kwenye kikao kimoja." Alikuwa na hakika jina lake limeandikwa. Aliitwa, akaitika, basi. Njia ingeweza kufungwa leo, yeye na kiti chake wangeifungua kesho.

Siku ya treni ndipo Margaret aliponitumia kumbukumbu za kikao. Nilizisoma nikiwa nimeegemea nguzo ya behewa. Kikao kilivurugwa na kundi lisilojulikana. Njia ya ufukweni ifungwe: tatu kwa tatu, mwenyekiti akapiga kura ya kuamua. Diwani Arthur: hakuhudhuria. Kiti kimoja sasa kiko wazi. Mtu aliitwa kwa jina, akaitika, wakacheka naye, wakamkaribisha, halafu hakuhudhuria! Ndipo nilipopiga zile kelele.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Mzee ameiweka tai kwenye kisanduku, ameikunja vizuri. "Uwapelekee wale wa duka la nguo za msaada," akasema. "Mimi sina kikao tena." Nilikichukua kile kisanduku, nikakirudisha kabatini, nikafunga mlango wa kabati kwa nguvu kuliko inavyoruhusiwa na kampuni.

Jioni Dafroza akanipigia. "Mama Neema, acha kulia. Mimi niko na foto."

"Foto gani?"

"Ya mahudhurio. Siku ile nilipiga saa kumi na mbili kamili, kama kawaida. Nikaona kuna muzee na karavati, nikajiuliza ni mugeni wa nani. Nikamuandika kwa kitabu: mugeni namba moja."

Karavati kwao ni tai. Nilikaa sakafuni. Neema akaniuliza kwa Kiingereza chake cha chekechea kwa nini nacheka na kulia pamoja, nikamwambia achague kimoja.

Nimejifunza, na ninaapa mbele yenu: simu yangu haitaingia tena kwenye kazi ya mtu, na sitatuma linki bila kuifungua kwanza mimi mwenyewe, hata mkinipangia masufuria ya mwaka mzima. Umama linki nimejiuzulu (hawajakubali). Lakini linki ndiyo kosa langu. Lile neno si langu. Mzee alisema niache, amechoka. Sikuacha. Tovuti yao ina ukurasa wa malalamiko rasmi, nimeusoma mara tatu, hakuna mahali pamesemwa alalamike mkazi peke yake. Barua niliyoandika kwa Kiingereza changu cha fomu foo ndiyo hii, nimeitafsiri tu:

Kwa Karani wa Halmashauri.

Nalalamika rasmi kuhusu kumbukumbu za kikao chenu na kuhusu Mwenyekiti wenu.

Mimi ndiye niliyekosea nikawaleta wale wanawake. Walikuja kuomba Mungu, hawakuja kuwashambulia, na si kundi lisilojulikana, majina yao kumi na tisa nimeyaambatisha. Kwa kelele zao naomba radhi. Kwa maneno ya Sista Dafroza siombi.

Mmeandika kwamba Diwani Arthur hakuhudhuria. Wewe mwenyewe ulimwita, akajibu "Nipo", ukamsikia, mkacheka. Hakutoka. Mwenyekiti alimtoa, kabla ya kura, akiwa katikati ya sentensi. Mtu aliyetolewa mlangoni hawezi kuandikwa kwamba hakuja. Kwa neno hilo moja mmemnyang'anya kiti.

Naomba neno libadilishwe, kiti kirudishwe, na kura ya njia irudiwe yeye akiwemo.

Nimeambatisha picha moja. Saa inaonekana juu kulia. Tazama mstari wa pili, kati ya Mama Kevo na Tableti ya Junior, mzee mwenye tai ya buluu, mdomo wazi. Hapo ndipo anaposema nipo.

Grace, mhudumu wake, Sydney.